Kabla ya Kumwita Mlevi, Muulize Kuhusu Kichwa

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu mnaopika vituoni, walinzi wa zamu ya usiku, na ndugu zetu wahudumu wa familia za mitaani: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo nyote.

Tumeombwa tuzungumzie jeraha la ubongo kwa watu wasio na makao. Wengi wenu mnawajua watu hawa kwa majina, mnajua analala nani wapi, kwa hivyo hatutawaeleza maisha ya mtaani yalivyo. Tuna jambo moja la kusema. Mtu anayefika mlangoni akiyumba, aliyesahau alichoambiwa jana, anayefoka kwa sababu ya sahani ya wali, huenda aliwahi kuumia kichwa na hakuna aliyemuuliza. Kumuuliza kunachukua dakika tano hivi. Majibu yake yanaweza kubadilisha namna mnavyompokea, na usiku mwingine yanaweza kumwokoa maisha.

Tuanze na takwimu, maana bila takwimu watu hudhani tunawatafutia walevi udhuru. Mwaka 2008 watafiti wa Toronto, Kanada, wakiongozwa na daktari Stephen Hwang, walichapisha matokeo ya mahojiano na watu 904 wasio na makao katika jiji hilo. Asilimia 53 walikuwa wamewahi kupata jeraha la ubongo: wanaume asilimia 58, wanawake 42. Kati ya waliojeruhiwa, asilimia 70 waliumia mara ya kwanza kabla hawajapoteza makao. Huko Leeds, Uingereza, uchunguzi mdogo wa watu 100 uliochapishwa 2012 ulipata asilimia 48, ilhali kwa kundi la kulinganisha ilikuwa asilimia 21. Huko nako, tisa kati ya kumi walisema kichwa kilitangulia kuumia, mtaa ukafuata. Kisha 2020 jarida la Lancet Public Health likachapisha uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za nchi tajiri: asilimia 53 tena, na zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alikuwa na jeraha la kiwango cha kati au kali.

Hizo ni takwimu za huko, tusizibandike Mombasa kama zilivyo. Kule mtu huteleza kwenye barafu, hapa hugongwa na bodaboda. Hata hivyo, sensa ya familia za mitaani ya 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini Kenya, 15,337 wakiwa Nairobi na 7,529 hapa Mombasa. Tuseme walioumia ni robo tu, wala si nusu: kwa Mombasa peke yake hao ni zaidi ya watu 1,800. Hao wanapita mikononi mwenu.

La kuangalia zaidi ni lipi lilitangulia. Mtu anaumia, anatoka hospitalini anaonekana mzima, anarudi kazini. Baada ya miezi michache anagombana na msimamizi, anachelewa, anasahau vifaa, anafutwa. Nyumbani anakuwa mkali, mke anachoka, ndugu wanachoka. Pombe inaingia, au ilikuwepo tangu mwanzo ikazidi. Akishafika mtaani anapigwa tena, kwa sababu anayelala barazani hana mlango wa kufunga. Kwa hivyo mkimwona leo mnaona jeraha la pili au la tano, na la kwanza lilitokea miaka mingi nyuma, pengine akiwa darasa la sita.

Sasa ndani ya fuvu hutokea nini? Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4, ni laini, na unaelea kwenye maji yake. Kichwa kikisimama ghafla, ubongo hausimami nacho papo hapo. Sakafu ya fuvu upande wa mbele, juu ya macho na karibu na masikio, ina mifupa yenye kingo na matuta, na hapo ndipo ubongo husuguliwa na kuchubuka hata kama pigo lilitua kisogoni. Juu ya hayo, nyuzi ndefu za neva zinazounganisha sehemu moja na nyingine huvutika na kuharibika. Uharibifu huo wa nyuzi mara nyingi hauonekani kwenye picha ya CT, ile ya mashine inayopiga ndani ya kichwa. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na karatasi ya hospitali inayosema picha ni safi, na bado maisha yake yamevurugika.

Sehemu hiyo ya mbele ndiyo inayopanga, inayoanzisha, inayozuia. Ikiumia, mtu haachi kujua kuzungumza, na hapo ndipo mnapodanganyika. Chukueni mfano wa kawaida kabisa kituoni. Mhudumu anamwambia bwana mmoja: “Kesho saa mbili nenda Huduma Centre, beba barua hii, ulizia dirisha la vitambulisho, wakikupa risiti usiipoteze, kisha rudi hapa kabla ya saa saba upate chakula.” Bwana anaitikia vizuri, hata anairudia barabara. Kesho hatokei. Mhudumu anaandika: hana nia. Hesabuni maagizo yaliyomo katika sentensi ile: ni matano, na yana nyakati mbili tofauti. Ubongo ulioumia mbele unaweza kuyarudia yote sasa hivi na usiweze kulianzisha la kwanza asubuhi. Hata nia akiwa nayo tele, hafiki dirishani.

Dalili nyingine mtazitambua mkishazijua: kuchoka mno kufikia saa nane mchana, kukerwa na kelele na mwanga, kuumwa kichwa mara kwa mara, kulala mchana na kukesha usiku, kukasirika ghafla na kupoa ghafla, kucheka pasipochekesha, kuwapa watu pesa ovyo, kutosikia harufu. Hii ya mwisho ina hatari yake: asiyesikia harufu hula chakula kilichochacha na hasikii gesi ikivuja. Hakuna dalili hata moja hapa inayothibitisha jeraha peke yake. Njaa, msongo, malaria, Ukimwi usiotibiwa na gundi huleta mengi ya haya. Gundi tuitaje waziwazi, kwa sababu wengi hudhani inalevya tu na kuisha. Mvuke wake wenye kemikali ya toluini, ukivutwa miaka, huharibu nyuzi zilezile tulizozitaja, na humfanya kijana ayumbe na kuanguka, akapata jeraha jingine juu ya hilo.

Basi tuulizeje? Kosa la kwanza ni kuuliza moja kwa moja, “Umewahi kupata jeraha la ubongo?” Karibu wote watasema hapana. Kwa watu wengi jeraha la ubongo ni la mtu aliyepasuliwa kichwa na kulazwa mwezi mzima. Njia inayotumika sana ni ile ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, iliyochapishwa na John Corrigan na Jennifer Bogner mwaka 2007. Msingi wake ni kuuliza matukio kwanza na kuacha ubongo kwa baadaye. Kwa Kiswahili cha hapa maswali yanaweza kwenda hivi.

Je, maishani mwako, hata utotoni, umewahi kupelekwa hospitali au kwa daktari kwa sababu ya kuumia kichwa au shingo? Umewahi kuumia kichwa au shingo katika ajali ya gari, matatu, bodaboda au baiskeli, au kugongwa ukitembea? Umewahi kuanguka, iwe mnazini, kwenye mjengo, kwenye ngazi au mchezoni, ukapiga kichwa, au kitu kikakuangukia kichwani? Umewahi kupigwa kichwani, kusukumwa ukutani, kutikiswa kwa nguvu, na mtu yeyote yule, nyumbani au nje? Umewahi kuwa karibu na mlipuko?

Mpangilio huo una sababu. Swali la kupigwa limewekwa nyuma ili mtu awe ameshazoea kujibu, na limesemwa bila neno “kugombana”, kwa kuwa mke aliyepigwa na mumewe hatasema aligombana, wala aliyepigwa na umati kwa kushukiwa wizi hatataka kulianza hilo. Sisi tungeongeza mawili: umewahi kukabwa koo mpaka ukaona giza, na umewahi kuzidiwa na unga, yaani heroini, mpaka ukaamshwa? Hapo hakuna pigo, lakini ubongo ulikosa hewa, na dakika chache tu za kukosa hewa zinatosha kuudhuru. Kukabwa koo hakuachi alama kila mara, na wanawake wengi hawalitaji mpaka waulizwe.

Kwa kila tukio alilolitaja, uliza alikuwa na umri gani, na kama alizirai. Hapa kuna mtego. Ukimuuliza alizirai dakika ngapi, anakisia, maana aliyezirai hakuwepo kuhesabu. Muulize hivi: “Kitu cha mwisho unachokumbuka kabla ya pigo ni kipi? Na cha kwanza baada yake?” Akisema anakumbuka akivuka barabara pale Buxton, kisha anakumbuka yuko wadini na nesi anabadilisha shuka, umepata pengo lake, na mara nyingi unaweza kulipima. Kama alikuwa amelewa, mtenganishe: pombe peke yake hufuta usiku mzima, hivyo uliza kama waliokuwepo walimwona akilala kimya bila kuitika mara tu baada ya pigo.

Viwango ni hivi: kuzirai chini ya nusu saa ni jeraha dogo, nusu saa hadi saa 24 ni la kati, zaidi ya hapo ni kali. “Dogo” ni lugha ya hospitali. Mwenye nalo anaweza kuteseka miezi. Majibu yanayopaswa kuwashtua ni haya: kuzirai kokote kwa nusu saa au zaidi, kuzirai kabla ya umri wa miaka 15, mapigo mawili au zaidi yaliyokaribiana, na pigo lolote la wiki chache zilizopita. Pigo la utotoni tunalitilia mkazo kwa sababu sehemu ya mbele ya ubongo huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Ikiharibika mapema, mtu hukua nayo hivyo, na watu humwona ndivyo alivyozaliwa.

Ulizeni mkiwa mmekaa, faraghani, baada ya kula. Msiulize kwenye foleni, wala mbele ya kiongozi wa genge lake. Na ieleweke kwamba huku ni kuchuja tu; kutambua ugonjwa ni kazi ya daktari. Andikeni “ameripoti kuumia kichwa mara tatu”, msiandike “ana ugonjwa wa ubongo”, kwa sababu neno kama hilo likitoka ofisini hugeuka “kichaa” kabla ya jioni.

Tuje kwenye jeraha la leo, yaani mtu aliyeletwa kituoni usiku akiwa amepigwa. Dalili za kumkimbiza hospitali bila kungoja kuche ni hizi: alizirai, hata kidogo, ametapika zaidi ya mara moja, maumivu ya kichwa yanazidi badala ya kupungua, amepata kifafa, mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine, damu au maji meupe yanatoka sikioni au puani, kuna weusi nyuma ya sikio au kuzunguka macho yote mawili ilhali hakupigwa hapo, anasema ovyo, anazidi kusinzia. Mwenye miaka 65 na kuendelea, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, aende hata kama anaonekana mzima.

Mkingoja usafiri, asipewe chakula, chai wala soda, kwa kuwa anaweza kutapika na kujipalia, na pia anaweza kuhitaji upasuaji. Shingo isigeuzwegeuzwe, mtu mmoja akae upande wa kichwa akikishika kwa viganja viwili. Akianza kutapika au akizirai, mgeuzeni ubavu, kichwa, shingo na kiwiliwili kwa pamoja. Kidonda kinachovuja damu kibanwe kwa kitambaa safi, isipokuwa pale mnapohisi mfupa umebonyea. Hapo funikeni tu bila kukandamiza. Sikio linalotoa maji lisizibwe kwa pamba. Dawa ya maumivu iwe paracetamol, si aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu hizo mbili huongeza hatari ya kuvuja damu. Na tafadhali asipakiwe bodaboda katikati ya watu wawili, kichwa kikining’inia. Tuktuk ni afadhali, gari ni bora.

Swali mnalotuuliza kila mara ni hili: huyu amelewa, nitajuaje kama ni pombe au ni kichwa? Jibu la kweli ni kwamba kwa kumtazama mara moja hamwezi kujua, na hata daktari hawezi. Kinachojibu ni muda. Mlevi, saa zikipita, hupata nafuu. Asiyepata nafuu, au anayerudi nyuma, ana jambo jingine. Nchini Uingereza polisi wanaomweka mlevi rumande wanatakiwa na mwongozo wao kumwamsha angalau kila nusu saa, na huangalia mambo manne: anaamka ukimwita na kumtikisa? Anajibu maswali kama jina lake, anapoishi, na anadhani yuko wapi? Anatii amri, afumbue macho, ainue mkono huu, kisha huu? Na wakumbuke kuna kisukari, kifafa, kiharusi na jeraha la kichwa nyuma ya pombe. Kwa watu wetu swali la “unaishi wapi” litawapa jibu la uchungu au la mzaha, kwa hivyo libadilisheni, muulizeni leo mmekula nini.

Mlinzi wa usiku anaweza kuifanya kazi hiyo. Anahitaji saa, tochi, daftari na kalamu. Saa 4.00 usiku aliamka, alijibu, aliinua mikono yote. Saa 4.30 vilevile. Saa 5.00 aliamka kwa shida, hajui yuko wapi. Mistari hiyo mitatu ina thamani kubwa kwa daktari wa dharura, kwani inaonyesha mtu anateremka. Kosa linaloua ni kumwacha “alale pombe zimtoke” na kusikia akikoroma mukadhani amepumzika. Kukoroma kwa sauti nzito ambako hakukuwepo awali, kwa mtu asiyeamshika, ni dalili kwamba njia ya hewa inaziba.

Lipo jingine linalofanana na ulevi, na hili tunaomba mlishike zaidi ya yote kwa sababu linatibika. Ni damu inayovia polepole kati ya fuvu na ubongo. Mnywaji wa miaka mingi, kama ilivyo kwa mzee, ubongo wake hupungua ukubwa, na mishipa midogo inayovuka kutoka ubongoni kwenda kwenye utando wa nje hubaki imevutika kama kamba iliyokazwa. Kujigonga kidogo kwenye mlango kunatosha kuikata mmoja. Ini lililochoshwa na pombe haligandishi damu vizuri, basi inavuja tone kwa tone. Siku hiyo hakuna kitu. Baada ya wiki mbili, tatu, hata zaidi, kichwa kinaanza kuuma, hatua zinapotea, mguu mmoja unaburura, usemi unakuwa mzito, anakojoa alipolala, anachanganya watu. Kila mtu anasema pombe zimemzidi, au uzee. Mwenyewe hakumbuki kujigonga. Mpasuaji hutoboa tundu moja au mawili kwenye fuvu, damu iliyokwisha kuwa nyeusi na nyepesi inatolewa, na wengi hurudi kutembea. Kwa hivyo mtu mliyemzoea akiwa mlevi wa namna moja, kisha katika wiki chache akawa mlevi wa namna nyingine, mpelekeni apigwe picha ya CT. Ninyi mnaomwona kila siku ndio mtakaoona tofauti. Daktari anamwona leo kwa mara ya kwanza.

Kifafa. Baada ya jeraha kali la ubongo kifafa kinaweza kuanza hata miaka baadaye. Kuna pia kifafa cha kuacha pombe ghafla, ambacho huja kati ya saa 6 na 48 baada ya kinywaji cha mwisho, ndiyo maana huonekana sana kwa mtu aliyekamatwa au aliyelazwa. Mtu akianguka kwa kifafa, tazameni saa, ondoeni vitu vigumu, wekeni nguo laini chini ya kichwa, na kikimalizika mlazeni ubavu. Hakuna kijiko mdomoni, hakuna kiatu puani, na povu haliambukizi mtu. Kikizidi dakika 5, au kikirudia kabla hajapata fahamu, ni dharura. Tatizo kubwa la watu wetu ni dawa. Dawa ya kifafa kama fenobabitoni au kabamazepini ikikatizwa ghafla inaweza kuleta mfululizo wa vifafa usiokatika, na mtaani vidonge huloa mvua, huibiwa, au huchukuliwa na askari pamoja na mfuko mzima. Kituo kinaweza kuweka dawa za kila mtu kwenye bahasha yenye jina lake, akafika asubuhi na jioni kumeza. Na kwa mlevi aliyekonda, mkumbusheni tabibu kuhusu vitamini B1, kwani upungufu wake huharibu ubongo kwa njia yake na hutibika kwa sindano za bei nafuu zikitolewa mapema.

Hospitalini mtu asiye na jamaa huandikwa “hajulikani” na historia yake inaishia hapo. Anayempeleka abebe karatasi yenye mambo haya: saa ya kuumia, aliyeshuhudia, kama alizirai, ametapika mara ngapi, kinywaji na dawa za mwisho, kifafa cha zamani, na nambari ya simu ya kituo. Kuhusu kukataliwa kwa sababu hana pesa: Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017, sehemu ya 7, inaweka faini isiyozidi shilingi milioni 3 kwa kituo chenye uwezo kinachokataa kuyatoa. Semeni hayo kwa upole mkiwa mapokezini. Hufanya kazi zaidi yakisemwa kwa upole. Kama alipigwa, tukio liripotiwe polisi, mpate nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na P3, fomu ya polisi ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha, lakini matibabu yatangulie, fomu ifuate.

Baada ya kuruhusiwa, saa 24 za kwanza asiwe peke yake, na siku mbili za mwanzo apumzike kwelikweli, bila pombe na bila kazi ya kubeba mizigo. Tunajua kumwambia mtu wa mtaani apumzike siku mbili ni maneno matupu kama hana pa kulala. Basi kama kituo kina vitanda vichache tu, hapo ndipo pa kutenga kimoja. Pigo la pili kabla la kwanza halijapona ni hatari zaidi, hasa kwa vijana.

Mwisho ni uendeshaji wa kituo, ambao hauhitaji bajeti kubwa. Mwenye kifafa au mwenye kuyumba alale kitanda cha chini. Njia ya chooni iwe na taa usiku. Agizo liwe moja, kisha lisubiriwe litimie kabla ya jingine. Miadi iwe asubuhi kabla uchovu haujamshika, na siku yenyewe mtu ampitie wakaondoke pamoja. Mhudumu awe yuleyule kadiri inavyowezekana. Muda na mahali viandikwe kwenye kadi ya kuvaa shingoni, au vitegwe kwenye kengele ya simu kama anayo. Akifoka, mtu mmoja tu aseme naye, kwa sauti ya chini, maneno machache, wengine waondoke. Hoja na mahubiri yangoje mpaka apoe. Kumbishia papo hapo ni kuilazimisha sehemu iliyoumia ifanye kazi isiyoiweza, na kwa kawaida ndipo ngumi hutokea.

Pia mnayo orodha ya watu mliowapiga marufuku, kwa kupigana, kwa kuvunja saa za kuingia, kwa kutokuja kwenye miadi mara tatu. Wiki ijayo ifungueni, muwatafute waliomo mmoja mmoja, na muanze na hao kuuliza yale maswali.